Chupa ya Bei Hununua Muda: Mhadhara juu ya Mafuta ya Breki katika Mbio za Magari za Ridhaa



Mchezo wa magari una mizizi mirefu Afrika Mashariki. Safari Rally ilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 2021 ikarejea katika ubingwa wa dunia ikiwa na makao yake Naivasha. Hata hivyo, wengi wanaoushiriki mchezo huu si wale wanaosubiriwa na kikosi cha mafundi kila mwisho wa hatua. Ni watu wa autokrosi na rali za klabu nchini Kenya, Uganda na Tanzania: mtu ana gari moja, Jumamosi analikimbiza, na Jumatatu anakwenda nalo kazini. Mtu huyo atakueleza kwa kina habari za injini yake, matairi yake na shokamzoba zake. Ukimuuliza kuhusu mafuta ya breki, mara nyingi atakutajia rangi yake tu, au jina la duka aliloyanunua. Mada yangu leo ni swali dogo linalobeba uhai wa watu: dereva wa ridhaa achague vipi mafuta ya breki? Jibu nitakalolitetea ni hili. Asichague kwa kutazama namba kubwa kuliko zote kwenye chupa, wala kwa kutazama bei. Achague kwa kutazama ratiba atakayoweza kuifuata ya kuyabadilisha, kisha atafute mafuta yanayoendana na ratiba hiyo. Mwenye bidii ya kubadilisha kila mara anaweza kushindana salama kwa mafuta ya bei ya wastani. Asiye na nafasi hiyo ndiye hasa anayehitaji chupa ya bei, kwa sababu chupa hiyo haimwongezei kasi, inamnunulia muda.

Tuanze na mzigo wenyewe. Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto, na joto hilo ni jingi kuliko wengi wetu tunavyodhani. Chukueni gari la kilo 1,200 linalokuja kwa kasi ya kilomita 120 kwa saa, na dereva analipunguza hadi kilomita 60 ili aingie kwenye kona. Nishati inayotoka hapo ni kama kilojuli 500. Ikitoka katika sekunde mbili na nusu, breki zinafanya kazi ya kilowati 200, ambayo ni mara mbili ya nguvu ya injini ya saluni nyingi za kawaida. Uzito wa gari huinamia mbele wakati wa kufunga breki, kwa hiyo tuseme asilimia 70 ya joto hilo inakwenda kwenye diski mbili za mbele, kila moja ikiwa na kilo sita za chuma. Hesabu inatupa ongezeko la zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi kwa kona moja. Upepo utapoza diski kidogo kabla ya kona inayofuata, lakini barabara ya mashindano haina adabu ya kumpa dereva nafasi ya kupumzisha breki. Kona nne tano zikifuatana kwenye mteremko, diski inaweza kupanda nyuzi mamia kadhaa. Barabarani, katika matumizi ya kila siku, gari hilohilo linaweza kumaliza mwezi bila kukutana na hali kama hiyo hata mara moja. Ndiyo maana mafuta ambayo hayajawahi kumsumbua mtu akienda sokoni yanaweza kumsaliti katika dakika ya tatu ya mashindano.

Joto la diski haliishii kwenye diski. Linapita kwenye pedi, kutoka pedi linaingia kwenye pistoni za kalipa, na nyuma ya pistoni ndipo yalipo mafuta ya breki. Mafuta hayo yana kazi moja tu: kupeleka nguvu ya mguu wa dereva hadi kwenye pedi. Yanaiweza kazi hiyo kwa sababu kimiminika hakikubali kubanwa kirahisi. Mvuke hukubali. Mafuta yakichemka ndani ya kalipa, nguvu yote ya mguu huishia kubana mapovu, pedali inazama hadi sakafuni, na gari linaendelea na safari yake. Tena jambo hili lina hila yake. Dereva anapokanyaga breki, shinikizo ndani ya mfumo hupanda sana, na kimiminika chenye shinikizo kubwa huhitaji joto kubwa zaidi ili kichemke. Kwa hiyo mafuta yanaweza kuvumilia wakati mguu uko kwenye pedali, kisha yakachemka pale mguu unapoondoka na shinikizo kushuka. Dereva hapati habari. Anatoka kwenye kona, anakanyaga mafuta, anajikusanyia kasi mpya, na habari inamfikia kwenye kona inayofuata. Hila ya pili ni kwamba hatari haimaliziki gari linaposimama. Likiwa linakwenda, upepo unapoza. Likisimama mwisho wa hatua, upepo umekatika, na joto lililobaki kwenye diski linaendelea kusafiri kuelekea kwenye kalipa. Dereva aliyemaliza vizuri na kusimama dakika chache anaweza kuondoka tena akakuta hana breki.

Ni lazima pia tutenganishe matatizo mawili ambayo katika gereji zetu hutajwa kwa neno moja, kwamba breki zimekata. Pedi zikizidiwa na joto, pedali hubaki ngumu na juu, dereva anasukuma kwa nguvu zote lakini gari halipungui. Mafuta yakichemka, pedali inakuwa laini na ndefu, na huenda ikarudi kidogo ikipigwa haraka mara mbili tatu. Tatizo la kwanza dawa yake ni pedi au kupoza diski. La pili dawa yake ni mafuta. Anayebadilisha pedi ilhali ugonjwa uko kwenye mafuta ametumia fedha na kubaki na hatari ileile, na pengine ameiongeza, kwa kuwa pedi kali zinazovumilia joto zinamruhusu dereva kuzalisha joto zaidi.

Kuna wanaojipa moyo kwamba magari ya kisasa yana mifumo miwili ya mafuta ya breki, hivyo mmoja ukifa mwingine utaokoa. Ulinzi huo ni wa kweli pale paipu inapopasuka. Hausaidii sana mafuta yanapochemka. Katika magari mengi, hasa yanayovutwa na magurudumu ya mbele, mifumo hiyo imegawanywa kwa mshazari: mmoja unahudumia gurudumu la mbele kulia na la nyuma kushoto, na mwingine unahudumia yaliyobaki. Kila mfumo una kalipa moja ya mbele. Joto likichemsha mafuta mbele kulia, litakuwa linachemsha na mbele kushoto, kwa sababu magurudumu yote mawili yamefanya kazi ileile. Mifumo yote miwili inapata povu kwa pamoja. Wengine hutegemea breki ya mkono. Ile ya waya haihusiani na mafuta na inaweza kusaidia kiasi, lakini magari mengi ya rali yamefungwa breki ya mkono inayotumia mafuta, iliyounganishwa kwenye paipu zilezile za magurudumu ya nyuma. Ndugu zangu, mafuta ya breki ni kiungo kisicho na mbadala ndani ya gari. Yakishindwa, hakuna aliyekaa akiba.

Sasa tusome chupa. Alama za DOT tunazoziona zinatokana na viwango vya Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, na zimekubalika karibu dunia nzima. Kiwango kinatoa namba mbili za kuchemka. Ya kwanza ni ya mafuta mapya kabisa, nami nitaiita namba ya upya. Ya pili ni ya mafuta yaleyale baada ya kunyonya maji hadi kama asilimia 3.7, nami nitaiita namba ya maji. DOT 3 lazima ifikie angalau nyuzi 205 ikiwa mpya na 140 ikiwa na maji. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Angalieni pengo kati ya namba hizo. Mafuta ya DOT 5.1 yaliyolowa yanaweza kuchemka kabla ya DOT 3 iliyofunguliwa leo. Maana yake, umri wa mafuta unaweza kufuta faida yote ya daraja lake. Mtu anayejivunia daraja la juu alilotia miaka mitatu iliyopita anajivunia kitu ambacho hakimo tena ndani ya gari lake.

Maji yanaingiaje katika mfumo uliofungwa? Mafuta ya breki tunayoyatumia wengi, yaani DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1, hayatokani na petroli. Ni kemikali za jamii ya glaikoli, na asili ya glaikoli ni kuvuta unyevu, kama chumvi iliyoachwa wazi jikoni Mombasa wakati wa masika. Unyevu unapenya polepole kupitia paipu za mpira zinazokwenda kwenye magurudumu, kupitia sili, na kupitia kitundu cha kupumulia kwenye mfuniko wa kitangi. Tabia hii si kasoro ya kiwandani. Inalinda mfumo, kwa kuwa maji yaliyosambaa ndani ya mafuta hayakusanyiki mahali pamoja yakala chuma. Gharama ya ulinzi huo ni kushuka kwa kiwango cha kuchemka, na kushuka huko hakwendi kwa hatua zinazolingana: maji ya mwanzo ndiyo yanayoshusha zaidi, kisha mteremko unapungua makali. Ndiyo kusema miezi ya kwanza baada ya kubadilisha ina uzito kuliko tunavyodhani. Watengenezaji wengi wa magari hushauri kubadilisha mafuta ya breki kila miaka miwili. Ushauri huo umekusudiwa gari la kawaida katika matumizi ya kawaida. Mtu wa mashindano akiuchukua kama ulivyo, amechukua ratiba ya mwingine.

Mahali tunapoishi napo pana la kusema. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa zina hewa yenye unyevu karibu mwaka mzima, na gari la pwani linakunywa maji hayo hata likiwa limeegeshwa. Nyanda za juu zina jambo lake. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Naivasha iko juu kidogo zaidi. Shinikizo la hewa huko ni dogo, ndiyo maana maji huchemka Nairobi kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Mafuta ya breki nayo hupoteza nyuzi kadhaa, kwa sababu mguu ukiondoka kwenye pedali, kinachoyashikilia yasichemke ni shinikizo la hewa tu. Upungufu huo peke yake si mkubwa. Lakini anayetoka pwani na mafuta ya mwaka mzima, akapanda kushindana bara kwenye miteremko, amekusanya hasara mbili katika siku moja.

Tufike kwenye mafuta ya mashindano, ambako ndiko hoja yangu inasimama au kuanguka. Wako watengenezaji wenye bidhaa zinazovuka mbali viwango nilivyovitaja. Motul RBF 660 inatangazwa kuwa na namba ya upya ya nyuzi 325 na namba ya maji inayozunguka 205. Castrol SRF, ambayo imeundwa kwa kemia tofauti kidogo, imejulikana kwa miaka mingi kwa namba ya upya ya nyuzi 310 au zaidi na namba ya maji ya karibu 270. Mtu anayetazama namba ya kwanza tu atasema ya kwanza inaishinda ya pili. Anayetazama namba ya pili ataona kuwa zikishalowa, ya pili inaiacha nyingine kwa nyuzi zaidi ya 60. Hizi ni bidhaa mbili zenye falsafa mbili. Moja inampa nguvu kubwa kabisa mtu atakayeimwaga baada ya kila shindano. Nyingine inampa uvumilivu mtu ambaye hatapata nafasi ya kuimwaga mapema, naye anaulipia uvumilivu huo, kwa kuwa bei yake ni mara kadhaa ya bei ya mafuta mengine ya mashindano. Kosa linalotokea katika mchezo wetu ni kuchanganya falsafa hizi. Dereva wa ridhaa anaona timu ya kulipwa ikitumia chupa yenye namba ya kwanza kubwa, ananunua ileile, kisha anaitunza kwa desturi ya gari la nyumbani. Timu ile inabadilisha mafuta kila shindano, na pengine inatoa upepo ulionaswa kwenye paipu za breki kila jioni. Yeye ameiga chupa, hakuiga kazi. Wahenga walisema rahisi ghali, na mara nyingi ni kweli. Lakini hapa kuna ughali ambao ni hasara tupu, nao ni kulipia namba ambayo itakuwa imeyeyuka kabla ya shindano la pili.

Kwa msingi huo, naona madereva wa namna tatu. Wa kwanza ana gari la kila siku, na anashiriki autokrosi chache kwa mwaka, mizunguko mifupi ya udongo, kasi ya wastani. Huyu anatosheka na DOT 4 nzuri au DOT 5.1 ambayo kitabu cha gari lake kinaikubali, mradi ayabadilishe mafuta yote mwanzoni mwa msimu na tena katikati yake. Wa pili anashiriki rali au mbio za muda kwenye lami, anafunga breki kwa nguvu mara nyingi mfululizo, na ana mkono wa fundi au mkono wake mwenyewe wa kufanya kazi kila wiki ya mashindano. Huyu atumie mafuta ya mashindano yenye namba ya upya inayozidi 300, ayabadilishe kabla ya kila shindano, na atoe upepo kila baada ya siku ya joto kali. Kwake namba ya maji si ya kwanza katika kufikiri, kwa sababu hayapi mafuta yake nafasi ya kuifikia. Wa tatu anazalisha joto lilelile la wa pili, lakini kazi, familia na umbali wa gereji havimruhusu kubadilisha kila shindano. Huyu ndiye anayepaswa kutafuta namba ya maji iliyo kubwa kuliko zote anayoweza kuimudu. Akiulizwa kwa nini ametumia fedha nyingi kuliko jirani yake mwenye kasi zaidi, jibu lake ni halali: jirani analipa kwa jasho kila wiki, yeye amelipa mara moja.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia ni la fedha: kubadilisha mara kwa mara kunakula bajeti ndogo ya mtu wa ridhaa. Nalikubali tatizo, lakini hesabu inanielekeza kwingine. Gari la kawaida linahitaji kama lita moja kuosha mfumo mzima. Lita moja ya DOT 4 ya kuaminika ni sehemu ndogo sana ya gharama ya tairi moja la mashindano, na kazi yake inaweza kufanywa na watu wawili, spana ya saizi yake, mpira mwembamba wa plastiki na chombo cha kupokelea. Mtu anayepata fedha ya kuingia mashindanoni, ya petroli na ya matairi, amekwisha kuamua kwamba mchezo huu unastahili gharama. Swali lililobaki ni gharama ipi itangulie, na siwezi kuona jinsi ya kuiweka nyuma ile inayosimamisha gari.

Pingamizi la pili ni la ujanja zaidi. Ikiwa adui ni maji, mbona tusitumie DOT 5, ambayo ni ya silikoni na hainyonyi maji kabisa? Jeshi la Marekani lilianza kuyatumia mafuta ya silikoni katika magari yake miaka ya 1980, na lilikuwa na sababu nzuri: gari la jeshi linaweza kukaa ghalani miaka mingi likisubiri kuhitajika siku moja. Gari la mashindano lina shida nyingine. Silikoni hubanwa zaidi kidogo kuliko glaikoli, hasa ikipata moto, na hushika hewa ndani yake, hivyo pedali hukosa ule ugumu ambao dereva hupimia breki zake. Na maji yanayoingia hata hivyo hayasambai. Yanatuama mahali pa chini kabisa pa mfumo, ambapo ni kwenye kalipa, palepale penye joto, na yanachemka kama maji yanavyochemka. Zaidi ya hayo, silikoni haifai kwenye magari yenye ABS, na haichanganywi na aina nyingine. Nasisitiza kwamba DOT 5 na DOT 5.1 ni vitu viwili tofauti kabisa ijapokuwa majina yanafanana. DOT 5.1 ni ya glaikoli kama DOT 4. Mfanyabiashara anayekupa moja kwa kuwa nyingine imekwisha anakupa tatizo.

La tatu linatoka kwa wenye magari mapya. Wanasema, na wanasema kweli, kwamba mifumo ya ABS na ya kudhibiti utelezi inahitaji mafuta mepesi yanayopita haraka kwenye vali ndogo. Kuna hata aina za DOT 4 zenye mnato mdogo zilizotengenezwa kwa ajili hiyo, na mafuta mengi ya mashindano ni mazito kuliko hizo. Lakini mnato huo hupimwa kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo hakuna barabara ya Afrika Mashariki inayoifahamu. Katika joto letu tofauti inapungua sana. Hata hivyo sishauri mtu apuuze kitabu cha gari lake. Gari likiwa la kila siku na lina mifumo hiyo, abaki ndani ya kiwango kilichoandikwa, ajitafutie usalama kwa kubadilisha mara nyingi zaidi. Hilo halipingi hoja yangu; linaithibitisha, kwa sababu ratiba ndiyo inayomfaa pale ambapo chupa haiwezi kubadilika.

Wa nne watasema ninatia chumvi: kwenye udongo matairi hayashiki vya kutosha kuzalisha joto la kuchemsha mafuta, na pedi na njia za upepo zina maana kuliko mafuta. Sehemu ya maneno haya ni sahihi. Udongo hauruhusu kufunga breki kwa nguvu ya lami, na gari linalopikwa na breki zake linahitaji kwanza upepo wa kutosha na pedi zinazofaa. Nami sisemi mafuta yatibu kila kitu. Ila udongo una mambo yake mengine. Magurudumu madogo yanayowekwa matairi ya udongo huzifunika diski, tope huziba nafasi za upepo, na miteremko mirefu haitegemei sana mshiko wa tairi. Uzito wa gari wenyewe unalisha breki joto mfululizo. Na kwa mafuta yaliyozeeka, joto linalohitajika ili mambo yaharibike limeshashuka. Aliye na nafasi ndogo ya usalama hana haki ya kuipunguza zaidi kwa uzembe.

Chaguo zuri huharibiwa na utunzaji mbaya, kwa hiyo utunzaji ni sehemu ya chaguo. Kubadilisha mafuta si kumwaga ya kitangini na kujaza mapya. Mafuta yaliyopikwa yako kwenye kalipa, na lazima yatolewe kwenye kila gurudumu hadi yatoke safi yasiyo na povu. Magari mengi ya gia za mkono hutumia kitangi hichohicho kwa klachi, na mafuta ya klachi husahauliwa. Katika gari lenye masta silinda ya zamani, pedali isizamishwe hadi mwisho wakati wa kutoa upepo, kwa kuwa sili inaweza kupita mahali palipoliwa na kutu ikachanika. Chupa iliyofunguliwa na kuachwa rafuni miezi mingi imekwisha kuanza kunywa unyevu, kwa hiyo kununua chupa ndogo na kuimaliza ni busara kuliko kununua kubwa na kuihifadhi. Mafuta yaliyotolewa kwenye gari hayarudishwi, hata yakionekana safi, kwa kuwa jicho halioni maji. Kalamu za kupimia unyevu zinazouzwa madukani hupima jinsi umeme unavyopita, na aina za mafuta hutofautiana katika hilo. Kifaa kinachochemsha sampuli kinasema ukweli zaidi, ingawa nacho hupima ya kitangini na si ya kalipa. Kalenda bado ni kipimo cha kuaminika. Na jambo la mwisho hapa ni la lazima: mafuta ya injini, ya gia au ya usukani yasiguse kitangi cha breki hata tone. Yanavimbisha sili za mpira, na mfumo mzima unaweza kuhitaji kufumuliwa.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba hili ni jambo la dereva na gari lake. Sivyo. Mbio zetu za ridhaa zina watazamaji wanaosimama kando ya njia, mara nyingi watoto, mara nyingi upande wa nje wa kona kwa sababu ndipo gari linapoonekana vizuri. Gari lisilo na breki huenda huko. Kabla ya kila shindano magari hukaguliwa: mikanda, kofia ngumu, kizima moto, fremu ya kulinda dereva. Vyote hivyo vinamlinda aliye ndani. Mafuta ya breki yanamlinda na aliye nje, na kwa kawaida mkaguzi hana njia ya kuyajua zaidi ya kutazama kama kitangi kimejaa. Pendekezo langu kwa klabu zetu ni jepesi na halihitaji mashine. Kila gari libebe kibandiko karibu na masta silinda, kikionyesha aina ya mafuta, tarehe yalipotiwa, na jina la aliyefanya kazi hiyo. Mkaguzi akisome. Klabu ijiwekee kikomo cha miezi kulingana na aina ya shindano, kifupi kwa rali na mbio za lami, kirefu kidogo kwa autokrosi, na asiyetimiza abadilishe kabla ya kuanza, kwa chupa iliyofungwa na mbele ya fundi.

Najua wako watakaosema kibandiko kinaweza kudanganya. Kinaweza, kama saini yoyote inavyoweza. Lakini kinamlazimisha mtu kuweka jina lake juu ya tarehe, na kinalileta swali la umri wa mafuta mahali ambapo leo halimo kabisa. Kinawafundisha pia madereva wapya kuuliza swali lililo sahihi tangu mwanzo: kabla ya kuuliza wanunue chupa gani, wajiulize wataibadilisha lini. Anayejua jibu la swali hilo, chupa yake itajichagua yenyewe, iwe ya bei au ya kawaida. Asiyelijua hajawa tayari kupewa namba ya kushindania, na klabu inayompa imekubali kubeba sehemu ya jambo lolote litakalotokea kwenye kona.